Jiwe Katika Sanduku la Mlinzi

Walimpokea mlango wa nyuma.

Inspekta Nagumo Setsuko wa polisi wa mkoa alikuwa ameendesha gari saa nzima kupanda barabara ya mlimani, akaegesha mbele ya lango kubwa la hekalu la Washinoin. Mwanamume mmoja aliyevaa nguo nyeupe za hija akamwonyesha kwa kidole njia ya kuzunguka, kwenye uchochoro wa jikoni, kana kwamba alikuwa muuzaji aliyeleta tofu ya mpishi. Nagumo hakubishana. Alikuwa na miaka arobaini na sita, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa kazini, na alikwisha kujua kwamba siri za nyumba huanzia jikoni.

Ukumbini walikuwa watatu. Ryoen, makamu wa kuhani mkuu, alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kichwa kilichonyolewa vizuri na saa nene ya dhahabu iliyochungulia kwenye mkono wa joho lake. Kuhani mkuu mwenyewe, baba mkwe wake, alikuwa amelala chumba cha ndani, amepooza tangu mwaka uliopita, hivyo Ryoen ndiye aliyekuwa hekalu. Pembeni yake aliketi Nishiwaki, mfanyabiashara wa mbao na kiongozi wa mahujaji wa Mlima Karasumine kwa miaka ishirini na sita, mwenye shingo ya fahali. Wa tatu alikuwa Konstebo Tamaki wa kituo kidogo cha kijijini, miaka hamsini na minane, aliyebakiza miezi michache astaafu.

Ryoen alimpita Nagumo kwa macho, akainama mbele ya konstebo.

"Karibu, afande. Tulijua mkoa utatuma mtu."

"Mtu mwenyewe ni huyu," Tamaki akasema, akimwonyesha Nagumo. "Mimi nimekuja kufungua milango tu."

Ryoen akageuka taratibu. "Aa. Na wewe karibu, mama."

"Inspekta," akasema Nagumo. "Sanduku liko wapi?"

Walimwonyesha kwa shingo upande. Lilikuwa sanduku la mwerezi lenye mikanda miwili ya kubebea mgongoni na kufuli moja la shaba. Ndani yake kwa kawaida hukaa Zao Gongen, mlinzi wa mlima: bamba la shaba la mviringo, pana kama sinia, lenye sura yake yenye hasira iliyochongwa miaka mia saba iliyopita. Kuanzia Mei hadi Septemba bamba hutundikwa katika ukumbi wa juu, karibu na kilele. Siku ya kufunga mlima huteremshwa chini kupitisha majira ya baridi. Siku hiyo ilikuwa jana. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya waumini mia mbili, hariri ya zambarau ilikuwemo, na ndani ya hariri mlikuwa na jiwe.

Nagumo alivaa glavu, akalinyanyua. Jiwe la kijivu, zito, laini pande zote.

"La mtoni hili," akasema.

"Ndivyo tulivyosema sisi jana," Nishiwaki akajibu. "Na nyumba ya Kamezo iko mtoni. Kamezo ndiye mpagazi, ndiye aliyelibeba. Tumeshamkamata, tumemfungia stoo. Kazi yako wewe ni kumpakia kwenye gari."

"Mmemfungia kwa sheria gani?"

"Kwa komeo."

Nagumo aliandika neno hilo kwenye daftari lake, na Nishiwaki akaona analiandika.

"Nani alifunga sanduku huko juu?"

"Mimi," akasema Ryoen.

"Mbele ya nani?"

"Desturi yetu, anayemteremsha Mlinzi kutoka kwenye ndoano yake huingia peke yake. Wengine husubiri nje wakipuliza makombe ya bahari kama baragumu. Si jambo ambalo ningetegemea mgeni alielewe."

"Kwa hiyo mbele ya mtu yeyote hapana."

"Mlima ulikuwepo," Ryoen akasema, na Nishiwaki akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mlima hautii sahihi. Ufunguo?"

Ryoen alivuta uzi shingoni, akauonyesha bila kuuvua. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba juu ya kufuli hubandikwa karatasi ya muhuri. Muhuri ulipofika chini ulikuwa mzima, akaupasua yeye mwenyewe mbele ya waumini. Bila shaka Kamezo aliubandua njiani kwa mvuke wa chai, akachezea kufuli, akatia jiwe, akaubandika tena.

Nagumo alichukua vipande vya muhuri, akaviinua dirishani. Gundi ilikuwa ya wali. Ilikuwa imekauka tabaka moja, nyembamba, na nyuzi za karatasi zilikuwa zimelala. Karatasi iliyopigwa mvuke hujikunja na kuota manyoya, na gundi ya pili huonekana juu ya ile ya kwanza kama rangi iliyopakwa mara mbili. Alivitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaomba kuonana na mpagazi.

"Apewe chai kwanza," Ryoen akamwambia mtu wa jikoni, bila kumtazama Nagumo. Chai ilikuja ikiwa baridi. Nagumo akaiacha.

*

Mzee Kamezo alikuwa ameketi juu ya gunia la mkaa stoo, mikono magotini. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na mabega yaliyopinda mbele kwa kubeba. Alimwona Nagumo, akasimama. Wa kwanza siku hiyo kusimama kwa ajili yake.

"Kaa, mzee. Umebeba sanduku hilo miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Jana mliondoka ukumbi wa juu saa ngapi?"

"Saa tano na nusu asubuhi."

"Bwana Nishiwaki anasema mlifika kwenye nguzo ya mpaka saa nane kamili. Kutoka nguzoni hadi hapa ni mwendo wa dakika ishirini. Wewe ulifika saa nane na dakika arobaini, nyuma ya wenzako wote. Dakika ishirini nyingine ulikuwa wapi?"

Mzee alitazama mikono yake.

"Ulikwenda haja?"

Mzee alipangusa vumbi la mkaa gotini.

"Ulikutana na mtu?"

"Andika ni mimi," akasema Kamezo.

Tamaki, aliyekuwa mlangoni, akashusha pumzi. Alikuwa amesoma darasa moja na mdogo wake Kamezo.

"Niandike ni wewe uliyefanya nini?"

"Niliyeiba."

"Uliliweka wapi bamba?"

"Nililitupa mtoni."

"Mtu anaiba kitu cha miaka mia saba ili akitupe mtoni?"

"Ndiyo."

"Kufuli ulilifungua kwa kitu gani?"

Mzee alifikiri. Alionekana kuwa hajawahi kulifikiria hilo. "Kwa msumari."

"Na muhuri?"

"Kwa... msumari pia."

Nagumo alifunga daftari. Alikuwa amesikia maungamo mengi maishani, mengine yakilipiwa, mengine yakipigiwa. Hili lilikuwa baya kuliko yote kwa ufundi.

"Mzee, wewe ni mwongo hafifu sana. Usijaribu tena kazi hii mbele ya hakimu, utafungwa kweli. Sasa niambie unamficha nani."

Kamezo aligeuka juu ya gunia, akautazama ukuta.

*

Nguzo ya mpaka ilikuwa jiwe lililosimama mahali njia inapoingia kwenye mierezi mikubwa, limechongwa maneno: Kuanzia hapa mwanamke asipite. Lilikuwa hapo kabla ya babu wa babu wa Nishiwaki, na Nishiwaki alisimama kando yake kana kwamba amelichonga mwenyewe. Alikuwa amewafuata tangu hekaluni pamoja na wanaume sita saba wa chama cha mahujaji. Walijipanga upande wa juu wa nguzo na kukunja mikono.

"Nasikia una karatasi ya mahakama," Nishiwaki akasema. "Labda utataka kupita. Basi ujue kitu kimoja. Mwezi wa sita mlima huu uliporomoka, ukawafukia wakataji miti wawili. Watu bado wanauliza ni nani aliyeuchafua."

"Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa," akasema Tamaki chinichini.

"Nimemsemesha huyu mama."

"Nimekusikia," Nagumo akasema. "Kaa na mlima wako, bwana. Huko juu kuna wanaume tu, na wanaume nimewaona wa kutosha."

Alimvuta Tamaki pembeni. Hesabu yake ilikuwa fupi. Muhuri ulibandikwa mara moja tu. Kwa hiyo jiwe liliingia sandukuni huko juu, kabla ya muhuri. Kilele hakina mto, kwa hiyo jiwe lilipandishwa makusudi, na aliyelipandisha ndiye aliyekuwa na ufunguo.

"Jana Ryoen aliteremka amebeba nini?" akauliza.

"Fimbo na rozari. Nilikuwa nyuma yake njia nzima. Joho la sherehe linabana, huwezi kuficha hata embe." Tamaki akainua macho kuelekea kileleni. "Kwa hiyo kitu bado kiko juu."

"Mahujaji walikuwa wanamsubiri mlangoni, hakuwa na muda. Ukumbi una dirisha la nyuma?"

"Lipo. Chini yake ni genge na vichaka vya mianzi midogo."

"Mgongo wako unaweza?"

"Hauwezi," akasema Tamaki, akaanza kupanda.

Wanaume walimcheka konstebo anayetumwa na mwanamke. Nagumo akawaacha wacheke, akachuchumaa kutazama ardhi upande wake wa nguzo. Ukungu wa kijani ulioota chini ya jiwe ulikuwa na vitundu vidogo vya mviringo, kumi na ushee, vimezunguka mahali mtu alipopiga magoti. Si alama za fimbo ya hija. Hizo zina ncha ya chuma na huchimba. Hizi zilikuwa za fimbo nyembamba ya mbao, iliyogonga hapa, ikagonga pale, ikitafuta jiwe liko wapi. Fimbo ya mtu asiyeona.

Akasimama, akapangusa magoti.

"Bwana Nishiwaki, Mzee Kamezo ana mke?"

"Ana kipofu," akasema Nishiwaki. "Kwa nini?"

"Nataka kunywa chai kwake. Ya kwenu ilikuwa baridi."

*

Bi Fusae alikuwa akifunga mipira ya wali na samaki wa chumvi katika majani, mmoja baada ya mwingine, vidole vyake vikienda haraka kuliko vya mtu mwenye macho. Uso wake ulikuwa mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa kwa kitana. Alisikia hatua za Nagumo, akasema kabla hajabisha hodi:

"Viatu vya polisi. Lakini mguu wa kike."

"Ni Inspekta Nagumo, mama. Nimetoka kwenye nguzo."

Vidole vikasimama.

"Mumeo amekiri wizi," Nagumo akasema.

"Mpumbavu," akasema Bi Fusae. Alisema bila kupandisha sauti, na machozi yakaanza kumtoka huku uso haubadiliki. "Mpumbavu mkubwa, yule mzee."

"Alikuwa na wewe dakika zile ishirini."

"Nikisema, utaandika?"

"Nitaandika ninachohitaji. Bado sijui ninachohitaji."

Bi Fusae akajifuta kwa nyuma ya mkono. Macho yalimpotea akiwa na miaka arobaini na sita, akaeleza, na mwaka uliofuata Kamezo alimwambia amsubiri nguzoni siku ya kufunga mlima. Hakuvuka. Hajavuka hata siku moja, unyayo wake haujagusa upande wa pili. Kamezo alijifanya kukaza mikanda mpaka wenzake wapite, akaleta sanduku kwenye nguzo, naye akaliwekea mikono na sikio. Mwaka baada ya mwaka, kwa miaka kumi na minane.

"Si kwamba niliomba kuona. Niliomba tu mzee asianguke njiani." Akavuta pumzi. "Watu wakijua, watasema mimi ndiye niliyeuangusha mlima. Wale wakataji miti wana wajane. Wajane hao ni majirani zangu."

"Sikio uliliweka kusikiliza nini?"

"Pete. Bamba lina pete mbili za kutundikia, masikioni mwake huku na huku. Mzee akilitikisa sanduku kidogo, zinalia. Sauti ndefu, inakuingia hapa," akagusa kifua, "halafu inaondoka polepole. Jana haikulia kitu. Niliambiwa sanduku lina Mlinzi, nikasikia jiwe."

"Ulimwambia mzee?"

"Nilimwambia. Akasema nimezeeka." Aligeuza uso upande wa mto. "Lakini sauti yenyewe ilishaondoka zamani. Miaka mitatu sasa. Tangu mwaka ule, ikitikiswa, ni kijiko na sufuria. Nilidhani Mlinzi amenichoka."

Nagumo aliandika: miaka mitatu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kadi ya kumbukumbu aliyopewa asubuhi na ofisi ya mambo ya kale: picha ya bamba, vipimo, na nyuma yake orodha ya kila safari ambayo bamba liliwahi kutoka hekaluni. Ilikuwa moja tu. Machi 1991, misimu mitatu nyuma, kusafishwa mjini, siku kumi na moja. Lilichukuliwa na kurudishwa na mtu mmoja. Sahihi: Ryoen.

"Kuna jambo jingine," Bi Fusae akasema. "Wakati wa mvua kuna watu wa serikali walileta barua hekaluni. Mpishi aliniambia. Watakuja tarehe nne kulikagua bamba kwa mashine."

"Nani aliipokea barua?"

"Nani mwingine anayepokea barua pale?"

Nagumo alisimama. Bi Fusae akampa mipira miwili ya wali ndani ya jani, na Nagumo akaila njiani, akitembea haraka.

*

Alirudi nguzoni alasiri. Wanaume walikuwa wameongezeka, na Ryoen alikuwa amefika, joho limempanda magotini kwa haraka. Alikuwa ameambiwa wakati wa chakula kwamba konstebo amepanda juu, akaacha bakuli nusu. Alikuwa anakata njia kuelekea kileleni, Tamaki alipotokea kwenye kona akiteremka, amechafuka matope hadi kifuani, amekumbatia koti lake la mvua.

"Limekwama mianzini," akasema Tamaki, akihema. "Hatua thelathini chini ya dirisha."

Alifungua koti. Shaba ikang'aa kidogo kwenye mwanga wa mierezi: bamba la mviringo, moshi wa taa umelifunika, katikati Zao Gongen amefumua nywele, meno nje, mguu mmoja hewani na silaha ya ncha tatu juu ya kichwa.

Wanaume walipiga magoti wote mara moja. Nishiwaki aligusisha paji la uso ardhini na kulia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Ryoen alipiga magoti wa mwisho.

"Amerudi," Nishiwaki akasema. "Mzee yule mshenzi alimtupa gengeni, na amerudi mwenyewe."

"Mzee hakuingia ukumbini," akasema Nagumo. "Konstebo, lilete hapa nilione."

Nishiwaki aliruka, akasimama kati yao. "Mwanamke hatamgusa."

"Basi sitamgusa. Konstebo, simama hapo hapo ulipo. Litikise."

Tamaki akalitikisa. Pete mbili zikagonga shaba. Kijiko na sufuria.

"Sasa inukeni mtazame," Nagumo akasema. "Hapana, si chini. Mtazameni yeye. Amenyanyua mguu upi?"

Walimtazama inspekta, kisha bamba. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Wa kushoto," akasema hatimaye mmoja wao, mwalimu mstaafu.

"Na silaha ameishika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

Nagumo aliinua kadi ya kumbukumbu, akampa mwalimu juu ya mpaka. "Hii ni picha rasmi. Hapa anainua mguu gani?"

Mwalimu aliinua kadi usawa wa bamba, akalinganisha. "Wa kulia. Na mkono wa kulia."

"Picha imegeuzwa," Nishiwaki akasema.

"Kuna rula pichani, pembeni ya bamba. Soma tarakimu zake, Bwana Nishiwaki. Zimegeuka?"

Nishiwaki aliinyakua kadi. Alisoma rula. Midomo yake ilitamka tarakimu kimyakimya, moja, mbili, tatu, zote zikisomeka sawasawa.

"Hiki alichobeba konstebo ni kitu cha kiwandani," Nagumo akasema. "Msiniambie kililetwa jana, kina masizi ya taa ya misimu mitatu. Mlikitundika, mkakiwashia taa, mkakipulizia makombe. Kila siku, kutwa mara mbili, mkainama mbele ya Mlinzi aliyesimama kwa mguu usio wake. Wewe, bwana, umekuwa kiongozi miaka ishirini na sita. Ulikuwa unatazama nini?"

Nagumo akamgeukia Ryoen.

"Makamu. Machi 1991 ulichukua bamba siku kumi na moja. Tarehe nne mwezi ujao linakuja kukaguliwa kwa mashine. Ulihitaji liibwe kabla ya hapo, na mwizi awe mtu ambaye hakuna atakayemtetea. Nipe ufunguo ulioko shingoni."

Ryoen aliinuka taratibu, akapangusa joho. Alipoongea, alikuwa ameacha sauti ya hekalu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeuza magari mjini Sakai kabla ya kuoa binti wa kuhani.

"Fundi aliiga kutoka picha ya kitabu," akasema. "Kitabu kilikuwa kimechapa picha kinyume. Niligundua mwaka wa pili."

"Na ukafanya nini?"

"Nikangoja mtu aseme. Majira mazima nilikaa pale mbele, nikingoja mmoja wao aseme." Aliwatazama wanaume waliokuwa bado wamepiga magoti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kufurahia kitu. "Hawaoni, inspekta. Mtu aliyeinama haoni mguu."

Mwalimu mstaafu alisimama, akamwendea, akamtemea mate kwenye joho. Hakuna aliyemzuia, hata Tamaki.

"Lile la kweli liko wapi?" Nagumo akauliza.

"Mjini Ashiya. Kwa daktari mmoja wa meno. Amelitundika chumba cha kulia chakula." Ryoen alivua uzi shingoni. "Yeye analitazama, angalau."

Akavuka mpaka kwa miguu yake, akaingia mikononi mwa sheria upande wa chini, na Nagumo akamfunga pingu juu ya saa ya dhahabu.

*

Komeo la stoo lilifunguliwa na Nishiwaki mwenyewe. Alikuwa ameomba afanye hivyo. Nyuma yake walisimama wale wanaume wa chama, na nyuma yao Nagumo, aliyekuwa ametoka kumpigia simu inspekta mwenzake wa upande wa Ashiya aende kwa daktari wa meno kabla habari hazijamfikia.

"Yamekwisha, mzee," Nishiwaki akasema. "Alikuwa Ryoen. Bamba tulilokuwa nalo ni bandia, miaka mitatu sasa. Sisi... tulikosea. Kesho njoo ukumbini, utakaa mbele, karibu nami."

Kamezo alitoka nje kwenye mwanga, akikunja macho. Alimtafuta Nagumo kwa macho, na Nagumo akatikisa kichwa kidogo: sikusema. Taarifa yake ilikuwa imeandikwa tayari mkobani. Dakika ishirini zilikuwa za mzee kukaza mikanda.

"Miaka mitatu?" Kamezo akauliza.

"Mitatu."

"Mke wangu alisema hivyo hivyo."

Nagumo alifungua mdomo amzuie. Mzee akainua mkono, kwa adabu.

"Mke wangu ameligusa sanduku lile miaka kumi na minane," akawaambia wanaume, bila haraka, akimtazama mmoja mmoja. "Pale nguzoni, siku ya kufunga. Mimi ndiye niliyempelekea. Aliniambia sauti imebadilika, nikamwambia amezeeka. Jana aliniambia ni jiwe, nikamwambia hivyo hivyo. Anayetaka kusema kwamba yeye ndiye aliyeuangusha mlima, aje aniambie mimi, leo, kabla sijafika nyumbani."

Mwalimu mstaafu alishusha macho.

"Na mwakani mbebe wenyewe," akamalizia Kamezo, akapita katikati yao. Walimpisha. Alitembea hadi lango kubwa, lile la mbele, akatokea hapo, akashika njia ya mtoni.

Nishiwaki alimfuata Nagumo hadi kwenye gari. Ryoen alikuwa kiti cha nyuma, Tamaki kando yake akijikanda kiuno. Nishiwaki aliinama kwenye dirisha la dereva, mkono juu ya mlango, akaongea kwa sauti ndogo ambayo haikumkaa.

"Inspekta. Hayo aliyosema mzee, ya mwanamke na sanduku. Utayatia kwenye ripoti? Ripoti husomwa na watu."

"Unataka niandike kwamba kipofu alijua na ninyi wenye macho hamkujua?"

Nishiwaki alifikiri jambo hilo mpaka mwisho wake.

"Hapana," akasema.

"Basi ondoa mkono kwenye gari langu."